Kabla hujafungua injini: pikapu ya baba na oili iliyokuwa inapotea

Nyuma ya kiti cha pikapu ya marehemu baba kulikuwa na galoni la lita 5 ambalo halikuwahi kukauka. Oili namba 40. Nikitoka Lukozi, huko milimani Lushoto, na mzigo wa kabichi na karoti, nilikuwa nikisimama Soni, naacha injini itulie kidogo, nachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, naifuta kwa kitambaa, naichomeka, naichomoa tena. Oili haifiki alama ya juu. Namimina. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa hivyo hivyo. Ilifika mahali nikipiga hesabu za safari natenga hela ya dizeli, ya utingo, ya ushuru wa mazao, na ya oili kana kwamba oili nayo ni mafuta ya kuendea.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya 1994, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, silinda 4, haina tabo, ile mashine ya kusukumia injini hewa zaidi. Baba aliinunua kwa mtu, ikalea familia nzima, na alipofariki ikabaki kwangu kwa sababu mimi ndiye nilikuwa naendesha biashara ya mboga. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa tayari kuiacha ife kirahisi. Sauti yake ikipanda kona za Soni naijua kama ninavyojua mlango wa nyumbani unavyolia.

Mafundi watatu waliitazama kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alifungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikiwa inanguruma, akaona kamvuke kanatoka, akatikisa kichwa: ringi za pistoni, zinazozuia oili isipande kwenda kuungua, zimekwisha. Hakumaliza dakika mbili. Wa pili alimwambia utingo wangu akanyage mafuta, akasimama nyuma ya ekzosi, moshi ukatoka, akaniandikia karatasi ya ovaholi: pistoni, ringi, beringi, kuchonga silinda, gasketi zote, na kazi yake. Shilingi milioni 3 na laki 2. Wa tatu akasema, mama, usijisumbue, tafuta injini ya mtumba Dar, hii iuze kama chuma chakavu.

Mpaka leo nikikumbuka ile karatasi naumia, kwa sababu nilishaanza kutafuta mkopo. Kilichonizuia ni jirani yangu mwenye gari kama langu. Yeye alishafanya ovaholi mwaka uliotangulia, akauza ng'ombe wawili, na bado alikuwa anabeba galoni nyuma ya kiti. Aliponiambia hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Kama injini imefunguliwa, imechongwa, imewekwa ringi mpya, na bado inakula, basi kuna kitu hakikuulizwa tangu mwanzo.

Ndipo nikashuka Mombo kwa mzee mmoja aliyewahi kutengeneza matrekta ya mashamba ya mkonge, sasa anafanya kazi zake chini ya mwarobaini pembeni ya nyumba yake. Nilimsalimia, nikamweleza kwamba pikapu inakula oili sana.

"Inakula kiasi gani, mwanangu?"

"Nyingi mno, mzee."

"Nyingi ni kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Nikasema labda lita mbili kwa wiki. Akauliza, wiki hiyo umetembea kilomita ngapi? Nikamwonyesha dashibodi. Spidi mita ilikuwa imekufa tangu enzi za baba, kebo imekatika, namba zimesimama palepale miaka yote. Mzee hakugusa hata boneti. Aliniambia nikanunue kebo, nirudi nyumbani, ninunue na daftari.

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nimeshuka mlima wote ule kutafuta fundi, naambiwa ninunue daftari! Lakini kebo ilikuwa bei ndogo, nikaifunga, na kuanzia siku hiyo nikafanya alivyonielekeza. Kupima ni asubuhi tu, kabla injini haijawashwa, ili oili yote iwe imeshuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mahali ni pale pale kila siku, kwenye sakafu ya saruji mbele ya ghala, siyo barabarani Soni ambako gari limeinamia upande mmoja na oili nusu bado imening'inia juu kwenye valvu. Kumimina ni kwa jagi lenye alama za mililita, siyo kwa jicho. Naandika kilomita, naandika kiasi.

Ukitaka kujua kosa la kupima barabarani lilivyo kubwa, jaribu siku moja: pima mara tu unapozima, kisha pima tena baada ya nusu saa. Kwenye pikapu yangu tofauti ilikuwa karibu upana wa kidole. Miaka yote nilikuwa naongeza oili ambayo ilikuwa njiani inashuka.

Wiki tatu za kwanza zilitoa jibu: lita 1 kwa kilomita 350, takriban. Hiyo kweli ni nyingi, hata kwa gari lenye umri wake. Lakini daftari lilionyesha na jambo lingine ambalo sikulielewa wakati ule, nikaliandika tu kwa sababu mzee alisema niandike kila kitu. Wiki moja mvua ilikata barabara, biashara ikayumba, sikuwa na hela ya kuongeza oili. Nilitegemea ishuke hadi taa iwake. Haikushuka hivyo. Ilishuka haraka mwanzoni, kisha ikawa kama imeshika breki. Kilomita 400 zilizofuata hazikula hata lita moja. Weka hilo pembeni, tutalirudia.

Nilirudi Mombo na daftari. Mzee akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Akaniambia oili haina miujiza. Itamwagika nje, au itaungua ndani ya silinda, au itaingia kwenye maji ya rejeta. Gari lenye tabo lina mlango wa ziada, sili za tabo zikichoka, lakini lako halina, tushukuru. Tukaanza na rahisi. Maji ya rejeta yalikuwa safi, hayana utelezi wala ute wa rangi ya maziwa, na oili kwenye dipstiki ilikuwa nyeusi ya kawaida ya dizeli. Mlango huo ukafungwa.

Kuhusu kumwagika nje nilikuwa na hakika kwamba hakuna tatizo. Nililaza maboksi chini ya injini usiku kucha, asubuhi yalikuwa na tone moja tu kwa nyuma, pale injini inapokutana na gia boksi. Tone moja halimalizi lita. Mzee akasema, hilo boksi limekuambia injini inavyovuja ikiwa imelala. Sasa tuione ikiwa kazini.

Tukaosha injini yote kwa dizeli na brashi, kisha sabuni na maji, ikakauka juani. Halafu mzee akachukua unga wa sembe kiganjani, akaupuliza kuzunguka kava ya valvu, kwenye maungio ya sampu, kwenye filta, kila mahali palipokuwa pakavu. Akaniambia nipande hadi Soni na kurudi, nisizime njiani. Niliporudi tukafungua boneti. Unga mwingi ulikuwa bado mweupe. Lakini upande wa alteneta palikuwa peusi, pamelowa, na kutoka pale oili ilikuwa imepeperushwa na upepo wa feni kwenda nyuma kwenye chesi, ambako miaka yote nilidhani ule uchafu mnene ni vumbi na grisi za kawaida.

Sikuelewa oili inafika vipi kwenye alteneta. Alteneta ni ya umeme, kazi yake kuchaji betri. Mzee akanionyesha kwa mkono, na hapa nataka nieleze taratibu kwa sababu ni jambo ambalo watu wengi wenye dizeli hizi hawalijui. Injini ya petroli hunyonya hewa kupitia kilango kinachoibana, na hapo hutengenezwa ombwe linalosaidia breki. Dizeli haitengenezi ombwe la kutosha, kwa hiyo busta ya breki, inayouongezea mguu wako nguvu, inahitaji pampu yake ya kunyonya, vakyumu pampu. Kwenye injini hii pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta, zinazunguka kwa shafti moja, na pampu inalainishwa kwa oili ya injini. Kuna bomba jembamba linaloleta oili kwa presha, na hozi nene inayoirudisha kwenye sampu. Kati ya pampu na alteneta kuna sili moja ndogo ya kuzuia oili isipite. Ikichoka, au hozi ya kurudishia ikipasuka, oili inatoka pale injini ikizunguka tu. Ukizima, presha inakata, hakuna tone. Ndiyo maana maboksi yangu yalikuwa makavu.

Alipofungua alteneta, ndani kulikuwa kama kikaango. Waya za koili zinang'aa kwa oili, kaboni brashi zimelowa na zimeganda unga mweusi. Nikakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa taa ya betri ilikuwa inawaka hafifu usiku, na fundi wa umeme alishanibadilishia brashi mara mbili bila kuuliza kwa nini zimelowa. Hozi ya kurudishia nayo ilikuwa imekuwa ngumu kama mti, ina ufa unaopitisha kucha. Nilishika kile kipande cha hozi mkononi, kirefu kama kiganja changu, nikafikiria milioni 3 na laki 2.

Nilibadilisha sili, hozi na klipu zake, na brashi, alteneta ikaoshwa na kukaushwa. Kwa bahati pampu yenyewe ilikuwa bado nzima, breki hazikuwa zimedhoofika. Na hapa niseme kwa msisitizo: ukiona alteneta ya dizeli ya aina hii inavuja oili, usichukulie kama suala la uchafu. Ni oili yako na ni breki zako, kitu kimoja.

Daftari likasogea. Lita 1 kwa kilomita 600. Nilifurahi, lakini mzee hakuridhika.

Tukaingia sehemu ya pili, oili inayoungua. Kwanza alinirudisha kwenye moshi aliouona yule fundi wa pili. Alitaka niutazame mwenyewe, asubuhi, mchana, na mlimani na mzigo. Mlimani ulikuwa mweusi. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa: nozeli zinazopuliza dizeli zimechoka, au eya klina, chujio la hewa, imeziba, au unapanda na gia kubwa huku umekanyaga mpaka chini. Hauhusiani na oili. Oili ikiungua moshi wake ni wa kibuluu, na harufu yake ni nzito, inabaki kooni. Moshi wa kibuluu niliuona, lakini asubuhi tu, ninapowasha, unatoka kama wingu moja kwa sekunde kumi hivi kisha unaisha. Mzee akaniambia niandike hiyo, tutaihitaji. Ringi zilizokwisha hazingojei asubuhi. Zingetoa moshi mchana kutwa, hasa na mzigo.

Kisha kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Kipimo cha magari ya petroli hakifai hapa, mshale unagonga mwisho. Dizeli inabana mno, unahitaji kipimo chake, na mzee alikuwa nacho kwenye boksi la mbao, amekifunga kwa kipande cha kanga. Tulipasha injini moto, tukatoa hita plagi, zile za kupasha silinda wakati wa kuwasha, zote nne, tukachomoa waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli ili isiwake, tukahakikisha betri ina nguvu. Nikawa napiga stata, yeye anasoma. Silinda ya kwanza 400, ya pili 385, ya tatu 395, ya nne 375. Hizo ni psi, kipimo cha presha.

Nilimuuliza kama tumimine oili kidogo ndani ya silinda turudie, maana nilishasikia mafundi wanafanya hivyo kutenganisha ringi na valvu. Akakataa kabisa. Alisema hiyo ni ya petroli. Kwenye dizeli nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni ndogo sana, tone la ziada linadanganya kipimo, na likizidi linaweza kupinda koni rodi, mkono unaoshika pistoni, kwa sababu kimiminika hakibanwi. Sikuhitaji hata hivyo. Namba zilikuwa karibu karibu na hakuna silinda iliyolala. Injini iliyokufa haitoi namba hizo.

Na ule mvuke aliouona fundi wa kwanza? Mzee alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini, akakiweka tu juu ya tundu injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Kikacheza cheza mahali pake, hakikurushwa. Kila injini ya zamani inapumua. Ikipumua kwa nguvu ya kurusha kifuniko, hapo ringi zinapitisha. Yangu ilikuwa inapumua kama mzee aliyepanda ngazi, siyo kama mgonjwa.

Sasa tulikuwa na kitendawili kweli. Oili haimwagiki tena, ringi ni nzima, moshi wa asubuhi ni wa sekunde kumi, na bado lita moja inapotea kila kilomita 600. Hapo mzee akafuata bomba la kupumulia, lile linalotoka kwenye kava ya valvu na kurudisha mvuke kwenye njia ya hewa ili injini iuchome. Alilichomoa upande wa njia ya hewa, ndani lilikuwa limelowa oili nzito, siyo jasho la kawaida. Akaziba tundu lililobaki kwa kizibo na klipu, maana tundu hilo liko baada ya eya klina na ukiliacha wazi injini itakula vumbi la barabara ya Lukozi moja kwa moja. Bomba akalielekeza kwenye chupa ya plastiki yenye tundu juu ya kutolea pumzi, akaifunga kwenye chesi. Siku hiyo nilikuwa napandisha mifuko 15 ya simenti kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita zaidi ya 30 za kupanda, karibu mita 1,000 kwenda juu.

Nilipofika nilifungua boneti kabla hata ya kushusha simenti. Chupa ilikuwa na zaidi ya robo lita ya oili. Safari moja.

Nilimpigia simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Asubuhi uliijaza hadi juu?" Nikasema ndiyo, hadi alama ya juu, kama ulivyonifundisha. "Basi soma daftari, ile wiki ya mvua."

Nikafungua ule ukurasa. Ilishuka haraka mwanzoni, kisha ikashika breki. Na kila nilipojaza hadi juu, lita ya kwanza ilikwenda mbio. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe kwa wiki sita na sikuiona.

Jumamosi nikashuka. Tulimwaga oili yote, gari likiwa limelala sawa, tukaiacha ichuruzike muda mrefu, tukaweka filta mpya. Kisha tukapima kwa jagi kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, tone kwa tone, tukakimimina chote. Injini ikawashwa, filta ikajaa, ikazimwa, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi mzee akaniambia nichomoe dipstiki mwenyewe. Oili ilikuwa chini kidogo ya alama ya chini. Kwa dipstiki, injini ilikuwa na njaa. Kwa kitabu, ilikuwa imeshiba sawasawa. Ili kufikia alama ya juu tulihitaji kuongeza lita 1 na robo.

Dipstiki haikuwa ya injini ile.

Utingo wangu, ambaye alianza kazi kwa baba akiwa kijana mdogo, akakumbuka. Miaka mingi nyuma dipstiki ilidondoka porini baada ya kupimwa barabarani na kutorudishwa vizuri, na gereji moja ikawapa nyingine kutoka kwenye rundo. Iliingia kwenye bomba lake vizuri, ina alama mbili, nani angeuliza? Ilikuwa fupi. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunaijaza injini kupita kiasi kwa zaidi ya lita moja. Krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka na kuipiga oili, oili inakuwa povu na ukungu, ukungu unapanda, unapita kwenye bomba la kupumulia, unaingia kwenye hewa, unaungua. Injini ilikuwa inatema ilichozidishiwa, na mimi kila asubuhi nairudishia kile kile ilichotema.

Nilitetemeka kidogo kufikiria kinyume chake. Kama ile dipstiki ingekuwa ndefu badala ya fupi, ingesema imejaa huku imepungua, na kona za Soni zingemaliza beringi bila onyo. Tangu siku ile, kila mtu anayenunua gari kuukuu namwambia afanye hilo kabla ya jambo lolote: mwaga, pima kwa jagi, mimina kiasi cha kitabu, kisha uone kipimo chako kinasema nini. Ni kazi ya asubuhi moja, na oili ungeimwaga hata hivyo.

Mzee alitia alama mpya mbili kwa tupa kwenye ile ile dipstiki, mpaka nilipopata ya 3L yenyewe kwenye injini iliyokufa huko Korogwe. Tukazilaza pamoja mezani. Tofauti yake si kubwa kwa macho, unaweza kuificha kwa kidole gumba.

Kuanzia hapo daftari likasoma lita 1 kwa kilomita 1,300.

Ule moshi wa asubuhi tulikuja kuushughulikia miezi miwili baadaye, taimingi belti ilipofikia muda wake. Injini hii belti hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa namba za dashibodi zilikuwa zimesimama miaka mingi hatukuwa na namna ya kujua, tukaamua kuibadilisha tu. Kwa kuwa kamshafti, shafti inayofungua valvu, ilikuwa inafikika, tukaingia na sili za valvu. Hatukutoa silinda hedi. Mzee alipandisha pistoni ya silinda husika hadi juu kabisa, ili valvu ikiachiwa springi ikae juu ya pistoni isidondoke ndani. Sili za zamani zilitoka vipande vipande, mpira umekuwa kama pilau lililoungua chini ya sufuria. Usiku gari likiwa limelala, oili ilikuwa inachuruzika pembeni ya valvu na kuingia ndani kidogo kidogo, ndiyo lile wingu la sekunde kumi. Ni kazi ya siku nzima, ya subira, na nafasi za valvu lazima zipimwe upya unaporudisha. Haikuleta tofauti kubwa kama zile mbili za mwanzo. Kama ningekuwa sina hela ningeiacha, ningevumilia wingu la asubuhi.

Katika kazi hiyo niligundua pia hozi ya hewa, kati ya eya klina na injini, imechanika kwa chini mahali usipopaona. Kidole kilirudi na vumbi jekundu. Nilibadilisha siku ile ile, sikungoja hata kesho, maana vumbi ndilo litakaloniletea ile ovaholi ya kweli.

Jirani yangu nilimpeleka kwa mzee na dipstiki yake mkononi. Yake ilikuwa sahihi. Lakini alteneta yake, ambayo ilirudishwa ilivyo baada ya ovaholi, ilikuwa imelowa.

Sasa hivi pikapu inatumia lita 1 kwa kilomita kama 2,000, na mzee anasema kwa umri wake hiyo ni haki yake. Galoni bado lipo nyuma ya kiti, ila moja linanifikisha mbali. Lile tone moja kwenye boksi, kule nyuma kwenye sili ya krenki, lipo bado. Kulifikia ni lazima gia boksi ishuke, na klachi yangu bado inashika vizuri hata na mzigo kwenye kona ya mwisho kabla ya Soni. Klachi ikianza kuteleza tutavifanya vyote kwa pamoja. Nimeshanunua hiyo sili, imo kwenye mfuko wake ndani ya droo ya dashibodi, pamoja na daftari.